Goma: Kompyuta ya zamani inapokubali sauti moja tu, radio inaweza kunyamaza wakati wa hatari

Katika studio ndogo ya radio mjini Goma, kompyuta moja hufanya kazi ya watu watatu. Inapiga muziki, inatoa vibwagizo na matangazo ya biashara, na inafungua sauti ambazo waandishi wa habari wanatuma kutoka Masisi, Rutshuru au Nyiragongo. Mara nyingi mashini hiyo ni ya zamani, imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumika Ulaya au Dubai, na mfumo ulio ndani yake ni wa miaka mingi iliyopita.

Basi siku moja inakataa. Wimbo unaendelea kupiga, lakini tangazo la haraka ambalo mtangazaji amelibonyeza halitoki. Hakuna waya uliokatika wala bafle iliyoungua. Wimbo ukisimamishwa, tangazo linasikika vizuri. Ukirudishwa, tangazo linanyamaza tena.

Mafundi wengi wanaoitwa kwa shida ya namna hiyo huanza kwa kubadilisha kadi ya sauti au kufuta mfumo mzima na kuuweka upya. Lakini chanzo mara nyingi ni kidogo zaidi: ile programu ndogo inayounganisha mfumo na kadi ya sauti, ambayo kwa Kifaransa inaitwa pilote na ambayo hapa tutaiita piloti, inaruhusu sauti moja tu kwa wakati mmoja, au programu moja imeishika kadi peke yake na haitaki kuiachilia.

Radio bado ni sikio la mji

Kwa mji mwingine shida hii ingekuwa usumbufu tu. Kwa Goma ni jambo la usalama. Mji umekaa chini ya volkano Nyiragongo, kando ya ziwa Kivu, na wakaaji wake wamejifunza kusikiliza radio kama vile wengine wanavyotazama mawingu.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka hadi katikati ya mji na kuunguza sehemu kubwa ya biashara. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, volkano ililipuka tena bila onyo, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke. Maelfu walibeba magodoro na watoto kuelekea Sake na Gisenyi, na waliokuwa na radio ndogo waliendelea kuuliza habari njiani.

Mwishoni mwa Januari 2025, wakati waasi wa M23 walipoingia mjini, umeme na intaneti vilikatika katika sehemu nyingi. Telefone isiyo na mtandao haileti ujumbe, lakini radio ya betri bado inasikika. Katika mji wenye historia kama hiyo, ukimya wa radio wenyewe unakuwa habari. Msikilizaji hajui kama umeme umekatika, kama wafanyakazi wamekimbia, au kama ni kompyuta tu iliyokataa kupiga sauti ya pili.

Kubadilisha vifaa si jambo rahisi pia. Benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege ukafungwa. Kwa kituo kinachoishi kwa matangazo machache ya biashara na michango, kompyuta mpya ni ndoto ya mbali. Ndiyo maana kuielewa ile iliyopo kuna faida kuliko kuilaani.

Watu wawili, mlango mmoja

Ili kuelewa shida, fikiria kadi ya sauti kama nyumba yenye mlango mmoja mwembamba. Kila programu inayotaka kusikika, iwe ya muziki, ya matangazo au ya kupokea simu, inapaswa kupita hapo. Kuna njia tatu za kupitisha watu wawili kwa wakati mmoja.

Njia ya kwanza ni kadi yenyewe kuwa na milango mingi. Kadi kadhaa za zamani za bei kubwa, kama Sound Blaster Live! iliyotoka mwaka 1998, zilikuwa na uwezo wa kuchanganya sauti nyingi ndani ya chipu yao.

Njia ya pili ni mfumo wa kompyuta kusimama mlangoni kama mchanganyaji. Unapokea sauti zote, unazijumlisha kuwa moja, kisha unaipeleka kadini. Kadi haijui kwamba sauti hiyo ilitoka kwa programu tatu.

Njia ya tatu ni kutokuwa na mchanganyaji kabisa. Programu ya kwanza kufika inaingia na kufunga mlango nyuma yake. Ya pili inaambiwa kwamba kifaa kinatumiwa, ingoje hadi kiwe huru. Hapo ndipo tangazo linakwama.

Chipu za sauti zilizobandikwa moja kwa moja kwenye kompyuta nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, zilizofuata kanuni ya AC'97 ya kampuni Intel, ziliundwa ziwe za bei ndogo. Kazi ya kuchanganya ziliiachia mfumo. Kwa hiyo mfumo au piloti ikishindwa, hakuna wa kuzisaidia.

Windows: kila kizazi na tabia yake

Tabia ya mashini inategemea sana umri wa mfumo wake, na fundi anayejua umri huo anaokoa nusu ya muda.

Kwenye Windows 95, na kwenye Windows 98 yenye piloti za mtindo wa zamani, programu ya kwanza iliyofungua kadi kwa njia ya kawaida iliimiliki. Kulikuwa na njia nyingine iliyoitwa DirectSound, iliyoruhusu programu kadhaa kushirikiana, kwa sharti kwamba zote ziitumie. Moja ikipita njia ya kawaida na nyingine DirectSound, mgogoro unarudi palepale.

Windows 98 ilileta mtindo mpya wa piloti ulioitwa WDM, pamoja na mchanganyaji ndani ya kiini cha mfumo. Windows 2000 na Windows XP ziliendelea na mchanganyaji huyo. Ndiyo sababu XP yenye piloti sahihi inaweza kupiga sauti kadhaa pamoja bila shida. Lakini mchanganyaji huyo alichelewesha sauti kwa takriban milisekunde 30, na watu wa muziki hawakumpenda. Programu zao zikatafuta njia ya kumzunguka, kama ile ya ASIO iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani Steinberg. Programu inayopita njia hiyo mara nyingi huishika kadi peke yake, na zote zinazobaki zinakaa kimya.

Windows Vista, iliyoanza kuuzwa Januari 2007, ilijenga upya sehemu yote ya sauti, na Windows 7, 8 na 10 zikafuata njia hiyo. Kila programu ikapata kiwango chake cha sauti, na kuchanganya kukawa jambo la kawaida. Hata hivyo mlango mmoja uliachwa wazi: programu inaweza kuomba kuitawala kadi peke yake. Ikikubaliwa, nyingine zote zinanyamazishwa.

Kuna mtego mwingine unaowadanganya watu wa radio. Kuanzia Windows 7, mfumo ukitambua kwamba kuna mazungumzo ya simu kupitia kompyuta, hupunguza sauti za programu nyingine kwa asilimia 80. Mwandishi anapiga simu kutoka Rutshuru, muziki wa chini unazama, na watu wa studio wanasema kadi imekufa. Kadi haina ugonjwa wowote. Ni mpangilio ambao mtu anaweza kuuondoa kwenye sehemu ya mawasiliano ndani ya mipangilio ya sauti, akichagua mfumo usifanye kitu.

Kupima kabla ya kutibu

Kabla ya kufuta mfumo au kununua kitu, vipimo vichache vinatosha kuonyesha ugonjwa uko wapi. Vinahitaji robo saa, na vifanywe wakati kituo hakiko hewani.

Kipimo cha kwanza ni kuangalia viwango vya sauti. Kuanzia Vista, kila programu ina kitufe chake cha kunyamazisha. Programu iliyonyamazishwa na mtu wa zamu ya usiku inafanana kabisa na programu iliyokataliwa na kadi.

Cha pili ni kufungua programu mbili za kawaida za kupiga muziki na kupiga faili mbili kwa wakati mmoja. Zote mbili zikisikika, piloti haina shida, na mkosaji ni ile programu ya studio. Moja tu ikisikika, badilisha zamu: anza na ile ya pili. Ikiwa kila mara anayefika kwanza ndiye anayesikika, basi hakuna mchanganyaji mlangoni.

Cha tatu ni kufunga programu moja baada ya nyingine, hata zile zilizojificha pembeni karibu na saa ya kompyuta. Kivinjari kilichoachwa wazi kwenye video, programu ya simu, au programu ya kuhariri sauti kama Audacity vinaweza kuwa vimeshika kadi bila mtu kukumbuka. Ikiwa sauti ya pili inarudi mara tu programu fulani inapofungwa, mshikaji amepatikana.

Cha nne ni kutazama orodha ya vifaa vya kompyuta, ambayo kwenye Windows ya Kifaransa inaitwa Gestionnaire de périphériques. Alama ya njano kwenye kifaa cha sauti, au jina la jumla lisilotaja mtengenezaji, ni dalili kwamba piloti iliyowekwa si ile ya kadi hiyo. Hili hutokea sana baada ya mashini kufutwa na kuwekwa mfumo upya kwa mkusanyiko wa piloti zinazozunguka kwa flashi. Sauti inarudi, kila mtu anafurahi, lakini uwezo wa kuchanganya unaweza kuwa umepotea.

Dawa zilizo karibu

Ikiwa mkosaji ni programu, dawa iko ndani ya mipangilio yake. Winamp, kwa mfano, inaruhusu kuchagua njia ya kutolea sauti. Kwenye mashini ya zamani sana, programu zote zipangwe zitumie DirectSound. Kwenye XP, programu inayotumia ASIO irudishwe kwenye njia ya kawaida, isipokuwa kuna sababu kubwa ya kurekodi muziki.

Kwenye Vista na mifumo iliyofuata, fungua sifa za kifaa cha kutolea sauti, nenda kwenye sehemu ya mipangilio ya juu, na uondoe alama kwenye kisanduku kinachoruhusu programu kuitawala kadi peke yake. Ni kazi ya nusu dakika, na kwa mashini nyingi inamaliza ugomvi.

Hapohapo kuna namba inayostahili kutazamwa: vipimo vya sauti kwa sekunde. Muziki wa CD umerekodiwa kwa 44,100, na kadi nyingi za AC'97 zinapenda 48,000. Mchanganyaji mzuri hubadilisha namba hizo mwenyewe. Piloti dhaifu inaweza kukataa sauti ya pili kwa sababu tu namba yake haifanani na ya kwanza, au ikaipiga kwa mwendo usio wake. Kituo kikichagua namba moja kwa faili zake zote, shida hiyo inaondoka.

Ikiwa piloti ndiyo mbaya, tafuta ile ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Jina lake likiwa halijulikani, orodha ya vifaa inaonyesha namba za utambulisho wa chipu, zinazoanza na herufi VEN na DEV. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na kutafutwa kwenye mashini nyingine yenye intaneti. Piloti ikishapatikana, inakiliwa kwenye flashi safi na kuhifadhiwa ndani ya kabati la studio. Mwenye kuihifadhi leo hataitafuta usiku wa manane.

Linux nayo ina historia yake

Vituo vingine vimehamia Linux ili kuepuka virusi na gharama ya leseni. Huko pia mlango mwembamba upo. Mfumo wa zamani wa sauti ulioitwa OSS mara nyingi ulimpa kadi mtu mmoja tu. ALSA ulipochukua nafasi yake, katika kiini namba 2.6 kilichotoka Desemba 2003, ulikuja na mchanganyaji wake anayeitwa dmix. Baadaye PulseAudio ilienea kuanzia mwaka 2007 na 2008, na sasa PipeWire inachukua zamu.

Shida hutokea programu ya zamani inapoongea na kadi moja kwa moja bila kupitia mchanganyaji. Amri ya fuser -v ikielekezwa kwenye /dev/snd/* inataja programu iliyoshika kadi. Halafu ndani ya programu hiyo, badala ya kuchagua jina la kadi yenyewe, chagua njia ya kawaida ya mfumo au PulseAudio.

Anayefikiria kuhama ajue jambo moja: kompyuta za zamani kabisa, zile za biti 32, zinaendelea kuachwa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye mashini hizo. Debian 12 bado inawezekana.

Meza ifanye kinachoshinda mashini

Kuna wakati piloti sahihi haipatikani kabisa, mtengenezaji amekwisha kuisahau kadi yake, na hakuna mpangilio unaosaidia. Hapo dawa bora ni kuacha kuilazimisha kompyuta. Sauti zichanganywe nje yake.

Njia ya kwanza ni kuongeza kadi ndogo ya sauti ya USB. XP na mifumo iliyofuata inazitambua nyingi bila piloti ya pekee. Programu za radio kama ZaraRadio na RadioDJ zinaruhusu kila mchezaji wa sauti kupewa kadi yake: muziki kwenye kadi ya ndani, vibwagizo kwenye ya USB. Waya mbili zinaingia kwenye meza ya kuchanganyia, kila moja na kitelezi chake. Faida nyingine ni kwamba mtangazaji anaweza kusikiliza faili kwenye kifaa cha masikioni kabla ya kuitoa hewani, bila wasikilizaji kuisikia.

Njia ya pili ni rahisi zaidi. Telefone ya zamani isiyo na laini, iliyojazwa vibwagizo na matangazo ya dharura, inaunganishwa kwa waya kwenye mlango mtupu wa meza. Kompyuta ikiganda, telefone inaendelea. Waya ikileta mngurumo wakati telefone inapochajiwa, ichajiwe kabla ya kipindi na itumiwe kwa betri.

Njia hii ina thamani ya pekee kwa Goma, ambako umeme hukatika bila kuaga. Kompyuta ya mezani inazimika mara moja na inachukua dakika kadhaa kuamka. Telefone haizimiki. Kama meza na mtambo wa kurushia viko kwenye betri au jenereta, onyo linaweza kutoka hata mashini ikiwa bado inaamka.

Gharama ya kungoja

Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba milango ya virusi haifungwi tena kwa njia ya kawaida. Mashini ya hewani yenye XP haipaswi kuunganishwa na intaneti. Sauti za waandishi zipokelewe kwenye telefone au kompyuta nyingine, zikaguliwe, kisha ziletwe kwa flashi ambayo haitumiki kwa kazi nyingine.

Kompyuta nyingi zilizokuwa na Windows 10 haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazitimizi masharti yake. Zitazidi kuingia katika masoko ya vifaa vilivyotumika. Mnunuzi anayetafuta mashini ya studio asitazame ukubwa wa diski tu. Apige nyimbo mbili kwa wakati mmoja kwa programu mbili tofauti, mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa. Ni kipimo cha dakika moja ambacho hakihitaji fundi.

Kwa vituo vinavyofanya kazi tayari, mafundi wa sauti hushauri mazoezi machache ya kila wiki: kupiga tangazo la dharura juu ya muziki na kuhakikisha kwamba yote mawili yanasikika kwenye radio ya kawaida, si kwenye bafle za studio tu, kuandika ukutani jina la kadi, piloti na mipangilio inayofanya kazi, na kutobadilisha kitu chochote kabla ya taarifa ya habari.

Volkano haingoji kompyuta iwake upya, na risasi vilevile. Kituo kilichokwisha kupima sauti yake ya pili siku ya utulivu kitaweza kuitoa siku ambayo mji mzima utakuwa unaisubiri.